Damu ya Mzee

Barasa amelivua gari nguo zote.
Limebaki bodi na matundu ya taa,
Datsun ya milango miwili, pua ndefu kama ya mtu mwenye swali,
juu ya matofali, katika gereji nyuma ya Lusaka Road.
"Chagua," aniambia. "Nikishapiga praima sina la kungoja."

Mkobani nina kadi ya rangi, vijidirisha mia mbili.
Kila kimoja kina namba, hakuna chenye jina.

Mwendwa, ndugu yangu, kapiga simu kutoka Syokimau:
nyekundu, dada, nyekundu tupu, boneti nyeusi,
kama zile zilizokuwa zikipasua tope la Pasaka
nasi tukipokezana mabega ya baba,
tumerukiwa matope hadi nyusi, tukishangilia.
Nyekundu inauzika, asema. Na neno hilo, inauzika,
limenikaa kooni tangu Jumanne.

Zeituni wa duka la rangi ana yake.
Rangi ya kwanza, ile ya kiwandani, ndiyo heshima.
Basi tukaitafuta. Barasa akashika msasa,
akasugua kwa maji mahali padogo ubavuni, upana wa sahani,
na gari likaanza kukiri.

Juu kabisa nyeupe: mwaka wa karo, baba alitaka liwe teksi.
Viti viwili. Abiria gani?
Chini yake samawati, ya siku za kiburi.
Chini yake kijani kibichi cha bei nafuu, sijui kisa chake;
mama angejua.
Na chini kabisa manjano,
manjano ya kiini cha yai la kienyeji.
Tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa vizuri.

"Ndiyo hiyo," akasema Zeituni. Nikaitazama.
Ilikuwa nzuri. Haikuwa yetu.
Ilikuwa ya mtu aliyelimiliki kabla ya baba,
mtu ambaye jina lake kwenye kitabu cha gari limekatwa kwa wino.

Tulitoa mabati ya majaribio nje, saa sita,
kwa sababu Barasa haamini rangi iliyochaguliwa kivulini.
"Kivuli kinabembeleza," asema. "Jua la Nairobi halina adabu."
Nyekundu ikapiga kelele. Manjano ikanuna.
Samawati ikafanana na lango la shule.
Jakaranda ikaangusha ua moja juu ya bati,
tukacheka, tukasema hata mti una pendekezo.

Ni pale nilipoegemea mlango, nimechoka,
nikaona kando ya tundu la ufunguo
doa dogo kuliko punje ya hindi.
Rangi ya kucha.
Ya mama. Nikaikumbuka chupa, kifuniko chake kirefu cheusi,
na baba kachuchumaa Jumapili kabla ya misa,
miwani puani, brashi ndogo katika mkono mkubwa,
akiziba mikwaruzo kwa rangi isiyofanana kabisa na gari,
na mama dirishani: "Musembi, umemaliza kucha zangu!"

Zeituni akasogeza mashine yake ya kusoma rangi.
Doa lilikuwa dogo mno; mashine ikasoma weupe wa pembeni.
Akaizima. Akachanganya kwa macho,
tone la nyeusi, tone la nyekundu, akikoroga kwa kijiti cha aiskrimu,
akipaka, akifuta, akipaka,
mpaka jua likafika nyuma ya maghala.
"Hii?" Siyo. "Hii?" Jirani yake.
"Hii?"
Nikanyamaza, naye akajua.

Barasa alimwagia sakafu maji, vumbi lilale,
akafunga pua kwa leso, akainua bunduki ya rangi.
Lile doa alilibandika utepe kwanza, bila kuambiwa.

Leo nimejaza fomu ya kubadilisha rangi.
Kisanduku ni kifupi. Kijana wa kompyuta kauliza,
"Nyekundu?"
Hapana, nikamwambia. Andika vizuri:
damu ya mzee.